Machipukizi salama huanzia kwenye mbegu: namna ya kuzitakasa kabla ya kuotesha

Ukiosha machipukizi baada ya kukua, umechelewa siku tatu. Watu wengi wanaootesha choroko, uwatu au alfalfa nyumbani hawajaambiwa hilo, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Tumezoea kuamini kwamba mboga mbichi ikisuuzwa mara mbili tatu kwa maji safi imekuwa salama. Kwa jani la saladi imani hiyo ina msingi kiasi. Kwa chipukizi haina, kwa sababu mara nyingi kijidudu hakikurukia chipukizi kutoka nje. Kilikuwamo kwenye mbegu tangu shambani, nasi tukakiotesha pamoja nayo.

Mbegu huchafuka njiani. Samadi isiyoiva, maji machafu ya kumwagilia, kinyesi cha ndege na panya ghalani, mashine ya kupuria, magunia: kote huko bakteria kama Salmonella na E. coli wanaweza kuipata. Hujibana kwenye nyufa ndogo za ganda, nyingine ndogo mno hata jicho halizioni. Mbegu ikiwa kavu hawaongezeki, lakini hawafi pia. Wanaweza kukaa humo miezi mingi, hata miaka, wakisubiri maji. Halafu sisi tunaziloweka usiku kucha, tunaziweka mahali pa joto la wastani, tunazifunika, tunazinyunyizia maji kila siku. Ukitaka kufuga bakteria kwa makusudi, ungefanya hivyo hivyo. Vijidudu vichache katika konzi ya mbegu huweza kufika mamilioni katika kila gramu ndani ya siku mbili au tatu. Na chipukizi litaonekana zuri, jeupe, lenye kukatika kwa mlio, bila harufu yoyote.

Kuna watu watakaosema, "Mimi naotesha mwenyewe, kwa mikono safi, kwa hiyo sina wasiwasi." Mwaka 1973, huko Texas, Marekani, watu waliugua kwa kula machipukizi waliyootesha wenyewe kwa mbegu zilizouzwa kwa matumizi ya nyumbani, bakteria aliyehusika aliitwa Bacillus cereus. Mwaka 1996 katika mji wa Sakai, Japani, maelfu ya watoto wa shule waliugua kwa E. coli O157, na uchunguzi ukaelekea kwenye machipukizi ya figili nyeupe. Kisha ukaja mwaka 2011. Ujerumani ilipata mlipuko wa E. coli O104:H4 uliougusa umma wa watu zaidi ya 3,800. Zaidi ya 800 figo zao zilidhurika vibaya, na zaidi ya 50 walifariki. Mwanzoni lawama ziliangukia matango ya Hispania, na wakulima wa huko wakapata hasara kubwa bila kosa. Mwishowe ikabainika kwamba chanzo ni machipukizi, na njia ikafuatwa hadi kwenye mbegu za uwatu zilizotoka Misri. Mwezi Juni mwaka huohuo watu waliugua karibu na Bordeaux, Ufaransa, baada ya kula machipukizi yaliyooteshwa papo hapo, kwa kiasi kidogo tu. Mbegu zao zilitoka kwenye shehena ileile. Mikono ya waliootesha ingeweza kuwa safi kuliko yetu sote, na isingesaidia kitu.

Ndiyo maana nguvu yetu yote tunaielekeza mwanzoni, kabla tone la kwanza la maji ya kulowekea halijagusa mbegu.

Kuchagua mbegu

Nunua mbegu zilizouzwa kwa ajili ya kuliwa, na zikiandikwa kuwa ni za kuotesha machipukizi, bora zaidi. Usitumie mbegu za kupanda shambani. Nyingi zimepakwa dawa ya kuua kuvu au wadudu, na mara nyingi hutiwa rangi ya waridi, nyekundu au bluu ili mtu asizile kwa bahati mbaya. Dawa hiyo haitoki kwa kuosha. Mbegu isiyo na rangi lakini huijui ilikotoka, iache pia.

Zimwage kwenye sinia jeupe, uzichambue moja kwa moja. Toa zilizopasuka, zilizokunjamana, zilizoliwa na wadudu, zenye madoa meusi, vijiti, mawe na vumbi. Kazi hii huchosha, nami zamani niliiruka kwa kuona kwamba ni ya urembo tu. Siyo. Mbegu iliyopasuka ndiyo yenye maficho mengi zaidi ya bakteria, na ndiyo ambayo dawa yoyote huishindwa kuifikia ndani. Ukiondoa mbegu mbovu 20 umeondoa hatari kubwa kuliko ukisuuza zilizobaki mara 10.

Si kila mbegu hufaa kuliwa ikiwa chipukizi. Choroko, adesi, dengu, uwatu, alfalfa, figili, haradali, brokoli na ngano hutumika sana. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini ambayo kuotesha peke yake hakuiondoi. Chipukizi lake bichi humtapisha mtu, kwa hiyo lisiliwe bila kuchemshwa kikamilifu. Chipukizi changa la mtama lina kemikali inayotoa sayanidi. Machipukizi ya nyanya na viazi yana sumu, usiyaonje. Mbegu zinazotoa ute zikilowa, kama chia na rehani, haziwezekani kwa njia nitakayoieleza, kwa sababu hugandamana kuwa uji.

Vifaa

Unahitaji sufuria ndogo ya chuma kisichoshika kutu, chujio dogo lenye matundu madogo kuliko mbegu zako, saa, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kitambaa cheupe chepesi au wavu wa kufunika mdomo wake, na mpira wa kukibana. Usitumie sufuria ya shaba au ya chuma chenye kutu, maana metali hizo huivunja dawa kabla haijafanya kazi.

Kifaa nisichokubali kikosekane ni kipimajoto cha jikoni. Mara yangu ya kwanza nilikadiria joto kwa kidole. Nilipata kikombe kizima cha choroko zilizokufa. Nilizisuuza siku nne nikingoja, hazikuchipua hata moja, zikaishia kunuka. Tofauti kati ya joto linaloua bakteria na joto linaloua mbegu ni nyuzi chache tu, na kidole hakiwezi kuzitambua.

Dawa ya kutakasia ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ileile inayouzwa duka la dawa kwa kusafishia vidonda. Soma chupa uhakikishe ni asilimia 3 na muda wake haujapita. Ile kali ya asilimia 30 au 35 huunguza ngozi na macho papo hapo. Haina nafasi katika jiko la nyumbani, hata kwa nia ya kuizimua mwenyewe. Peroksaidi huisha nguvu polepole ikipata mwanga, ndiyo maana huuzwa kwenye chupa ya giza. Chupa iliyokaa wazi kwa muda mrefu inaweza kuwa imebaki maji matupu.

Kwa kusafisha vyombo, tafuta blichi ya kawaida isiyo na manukato. Weka vijiko vikubwa 3 katika lita 1 ya maji, uloweke chupa, kitambaa na chujio kwa angalau dakika 5, kisha suuza kwa maji safi mengi. Fanya hivi kila unapoanza mafungu mapya, hata kama chupa inaonekana inang'aa. Blichi na peroksaidi zisikutane chomboni, na blichi isichanganywe kamwe na siki au ndimu: hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu.

Kama maji yako hayaaminiki, chemsha ya kutosha siku nzima, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, uyatumie hayo kwa kulowekea na kusuuzia. Hakuna maana ya kutakasa mbegu halafu kuirudishia uchafu kwa maji.

Kutakasa, dakika kwa dakika

Njia hii hutolewa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kwa watu wanaootesha nyumbani: peroksaidi ya asilimia 3, ikiwa na joto la nyuzi 60 za Sentigredi, kwa dakika 5. Nitaieleza kwa kirefu kwa sababu makosa yote hufanyika hapa.

Kwanza jaribu kwa mbegu chache. Kila fungu la mbegu lina uvumilivu wake; mbegu za zamani huchoka mapema kuliko mpya. Hesabu mbegu 50, zitakase, uzioteshe pamoja na nyingine 50 ambazo hukuzitakasa, uone ni ngapi zinachipua kila upande. Hizo za majaribio zitupe, usizile. Zikitofautiana kidogo tu, endelea na fungu lote. Zilizotakaswa zikifa nyingi, kagua kipimajoto chako kabla ya kulaumu mbegu. Kitie katika maji yanayochemka: karibu na usawa wa bahari kinapaswa kusoma nyuzi 100 au karibu na hapo. Mahali pa miinuko maji huchemka kwa joto la chini kidogo, kwa hiyo usishangae kikisoma pungufu.

Fungua dirisha. Mimina peroksaidi kwenye sufuria, isipungue mara tano ya ujazo wa mbegu. Nasisitiza wingi huo kwa sababu mbegu ni za baridi. Ukizitia kwenye dawa kidogo, joto hushuka ghafla na hufiki nyuzi 60 mpaka dakika tano zimeisha. Pasha kwa moto mdogo sana. Ikifika nyuzi 60 punguza moto au ondoa sufuria jikoni, ukitazama namba ikitulia. Kipimajoto kisiguse kitako cha sufuria, maana hapo pana joto zaidi kuliko katikati.

Weka mbegu ndani ya chujio, lizamishe lote hadi mbegu zifunikwe, kisha anza kuhesabu. Utaona mapovu mengi yakipanda. Usiogope, wala usidhani kwamba mbegu zinachemka. Ndani ya mbegu kuna kimeng'enya kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na mapovu ni hiyo oksijeni. Mapovu hayo pia hubeba baadhi ya mbegu juu na kuzitoa kwenye dawa, na kwa hiyo kila baada ya dakika moja tikisa chujio au koroga kwa kijiko safi, ili kila mbegu ipinduke na ilowe pande zote. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 rudisha moto kidogo. Likianza kupanda kupita 62, ondoa sufuria. Mimi husimama pale dakika zote tano, simu nikiiacha chumba kingine.

Dakika ya 5 ikitimia, inua chujio mara moja na usuuze mbegu chini ya maji yanayotiririka, ya joto la kawaida, kwa dakika moja. Usiziache zikae na joto, zinaendelea kuiva.

Peroksaidi uliyotumia imwage. Imeshavunjwa kwa sehemu na mbegu, na nguvu yake huijui tena. Kila fungu lipate dawa mpya, hata kama ni fungu la dakika kumi baadaye. Ikikurukia ngozini utaona weupe na mwasho kidogo. Osha kwa maji.

Halafu kuna hatua moja ambayo maelezo mengi huipita, nami naiona kuwa nusu ya kazi. Tia mbegu zilizosuuzwa kwenye bakuli, zifunike kwa maji yazidi kimo cha mbegu kwa vidole viwili hivi, ukoroge taratibu. Kila kinachoelea, kama mbegu nyepesi, vipande vya maganda na vijiti, kiopoe chote na ukitupe. Utafiti umeonyesha kwamba uchafuzi mwingi umeng'ang'ania kwenye vitu hivyo vinavyoelea. Mbegu nzima yenye afya huzama. Usisite kutupa mbegu inayoelea kwa kuona ni hasara. Ile ndiyo unayoitafuta ili uiondoe.

Kuna watakaouliza kama siki, ndimu au maji ya chumvi hayatoshi. Hayatoshi. Siki yenye nguvu ya kumwua bakteria ndani ya ufa huua na kiini cha mbegu, na ukiizimua mpaka mbegu ivumilie, bakteria naye huvumilia. Mengine yanafaa kwa ladha, sio kwa kazi hii.

Wazalishaji wa kibiashara wana njia yao. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwashauri kuloweka mbegu kwenye kalsiamu haipokloraiti yenye klorini sehemu 20,000 kwa milioni, yaani asilimia 2, kwa dakika 15, pamoja na kupima maji yaliyopita kwenye machipukizi baada ya saa 48 za kuotesha. Ona busara ya kupima maji badala ya kupima chipukizi lenyewe: maji yamegusa kila mbegu kwenye pipa, na kama bakteria yupo popote, ana nafasi kubwa ya kuonekana humo. Sisi nyumbani hatuna maabara, na klorini kali kiasi hicho katika jiko dogo hudhuru macho na kifua. Simshauri mtu kuiga.

Na niseme bila kuficha: hakuna dawa inayofika kila ufa. Kutakasa hupunguza vijidudu kwa kiasi kikubwa, lakini hakuhakikishi kwamba wote wamekwisha, na mmoja aliyebaki atapata siku tatu za kuzaana. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye ulaji.

Kuotesha

Hapa mambo ni mepesi. Loweka mbegu zilizotakaswa katika maji safi mara tatu ya ujazo wake: choroko, adesi na dengu saa 8 hadi 12, mbegu ndogo kama alfalfa na haradali saa 4 hadi 6 zinatosha. Usipitilize. Mbegu inayokaa majini kupita kiasi hukosa hewa, huanza kuchacha, na maji yake hutoa povu na harufu.

Mwaga maji, funga mdomo wa chupa kwa kitambaa, uilaze chupa kwa mshazari mdomo ukiwa chini, ili maji yaendelee kudondoka na hewa iingie. Usijaze. Mbegu za choroko huongezeka mara kadhaa, na alfalfa huongezeka zaidi sana: vijiko 2 vikubwa huweza kujaza chupa ya lita moja. Machipukizi yaliyobanana hupata joto katikati, na joto hilo huwafurahisha bakteria kuliko linavyoifaa mimea.

Weka mahali penye kivuli, joto la nyuzi 20 hadi 25 likiwa zuri, mbali na nyama mbichi, taulo za jikoni na mnyama wa kufugwa. Suuza mara 3 kwa siku, mara 4 kukiwa na joto kali, na kila mara dondosha maji yote. Maji yanayotuama chini ya chupa ndiyo chanzo cha utelezi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa, na mtu mwenye kuhara au kutapika asiyashughulikie kabisa.

Siku ya pili au ya tatu huenda ukaona manyoya meupe karibu na mizizi ukadhani ni ukungu. Yasuuze. Kama yamelala na kutoweka, yakarudi baada ya saa chache, ni vinyweleo vya mizizi, hasa kwenye figili na brokoli, na ni dalili ya afya. Mara nyingi vinatafuta maji tu. Ukungu wa kweli huonekana kama utando wa buibui unaopita kutoka chipukizi moja hadi jingine, hauondoki kwa maji, na una harufu ya kitu kilichovunda. Ukiuona, tupa chupa nzima. Usichambue upande ulioharibika ukala mwingine, maana nyuzi za ukungu na bakteria hazikuishia pale macho yako yalipoishia.

Choroko ziko tayari siku ya 3 hadi 5, adesi siku ya 2 hadi 4, alfalfa siku ya 4 hadi 6. Alfalfa na brokoli zikitoa majani mawili madogo, ziweke kwenye mwanga usio wa jua kali kwa saa chache zigeuke kijani. Choroko ziache gizani. Mwanga huzifanya ziwe chungu kidogo.

Kuhifadhi

Suuza kwa mara ya mwisho kwenye bakuli kubwa, uondoe maganda yanayoelea, kisha tandaza machipukizi juu ya kitambaa safi yakauke juu juu kwa saa moja hivi. Usiache yakauke kabisa, wala usiyatie jokofuni yakichuruzika. Yaweke kwenye chombo chenye mfuniko na kitambaa kikavu chini yake, kwenye nyuzi 4 au chini ya hapo. Uyale ndani ya siku tatu au nne. Baridi huwapunguza bakteria mwendo tu, haiwaui, na Listeria huendelea kukua taratibu hata ndani ya jokofu. Kama huna jokofu, otesha kiasi cha mlo mmoja tu, uanze fungu dogo jipya kila siku ya pili.

Machipukizi yenye utelezi, yaliyogeuka kahawia au yenye harufu ya uchachu, yatupwe bila kuyapa nafasi ya pili. Kuyapika hakuyaokoi: sumu moja ya Bacillus cereus huhimili moto na hubaki kwenye chakula hata bakteria mwenyewe akiwa amekufa.

Mbichi au yaliyopikwa

Watoto wadogo, wazee, wajawazito, na yeyote ambaye kinga yake imedhoofika kwa maradhi au dawa, wasile machipukizi mabichi. Sisemi wayale kwa tahadhari. Nasema wayale yaliyopikwa tu. Hao ndio ambao figo hushindwa na mimba huharibika. Kwa mtu mzima mwenye afya, uamuzi ni wake, na mbegu iliyotakaswa vizuri humpa msingi bora kuliko isiyotakaswa. Mimi mwenyewe hupika, hata mbegu nilizozitakasa kwa mikono yangu.

Kupika kwenyewe hakuchukui muda. Yatie kwenye maji yanayotokota, au yapike kwa mvuke au kwa kikaango chenye moto mkali, hadi yote, hata ya katikati, yatoe mvuke na ule ugumu wa kukatika mdomoni uishe. Dakika tatu hadi tano hutosha kwa tabaka jembamba. Kuyarushia juu ya chakula kilichokwisha kuiva dakika ya mwisho ni kuyapasha, sio kuyapika.

Utaniuliza kama lishe haipotei. Inapotea kiasi, hasa vitamini C, inayovumilia moto vibaya na kuyeyukia majini. Ndiyo maana mvuke au kikaango ni bora kuliko maji mengi, na kama umetumia maji, kunywa mchuzi wake. Lakini angalia kinachobaki. Mbegu kavu haina vitamini C ya maana. Ikichipua huiunda yenyewe, na gramu 100 za machipukizi ya choroko mabichi zina takribani miligramu 13. Zina protini gramu 3 hivi na kalori 30 tu, kwa sababu karibu sehemu 9 kati ya 10 ni maji. Kuchipua hakuongezi madini ya chuma wala zinki. Kunachofanya ni kupunguza fitati, kitu kinachoyafunga madini hayo yasichukuliwe na utumbo, na kupunguza sukari zinazoleta gesi tumboni. Faida hizo mbili haziharibiwi na moto.

Brokoli ina habari yake. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba machipukizi ya brokoli ya siku tatu yana glukorafanini mara 10 hadi 100 zaidi ya brokoli iliyokomaa, na kutokana nayo mwili hupata salforafani, inayochochea vimeng'enya vya kuondoa sumu. Habari hiyo imewavuta wengi kula machipukizi hayo mabichi kila siku kama dawa. Kwa mtu mzima mwenye afya sina neno. Kwa mgonjwa anayetibiwa saratani, ambaye kinga yake iko chini kwa sababu ya matibabu, ni kinyume cha msaada, na nimewahi kumsihi mtu wa karibu nami aache. Mgonjwa wa namna hiyo azungumze kwanza na daktari wake kabla ya kuleta chupa ya machipukizi mezani.

Daftari la mbegu

Kila fungu ninaloanza huliandikia karatasi na kuibandika kwenye chupa: aina ya mbegu, namba iliyo kwenye pakiti, tarehe ya kutakasa, joto nililosoma mwanzoni na mwishoni. Mbegu kidogo kutoka kila pakiti huzibakiza kwenye bahasha kavu mpaka pakiti yote iishe na wiki mbili zipite. Mtu akiugua nyumbani kwa kuhara damu, homa au kutapika kusikokoma, utaweza kumwambia daktari mara moja alikula nini, lini, na kutoka mbegu gani, na mbegu zenyewe zitakuwapo za kupimwa. Pakiti iliyotiliwa shaka usiipe jirani wala usiimwage bandani kwa kuku. Ifunge kwenye mfuko, uandike juu yake, uiweke kando mpaka wahusika wa afya wakuambie la kufanya.